Mmoja au Wengi

Mwalimu alinisahihisha kabla hajanisalimia. Nilikuwa nimeingia katika ukumbi mdogo kule Granville, mjini Sydney, nimebeba viti, nikamkuta mzee aliyevaa koti zito katikati ya joto la Januari. Nikamuuliza, "Hizi viti niweke wapi?" Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mtu asiyejua kwamba anavuja damu.

"Hivi viti," akasema. "Viweke hapa. Sasa, hujambo?"

Mimi ni mtu wa Nakuru. Kwetu Kiswahili tulikiongea sokoni na mtaani, na watu wakaelewana bila kuhangaika na mambo ya ngeli. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba hata kuku huelewana.

Nilimjua kwa miaka sita. Kila Jumamosi asubuhi, wazazi wachache tuliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi tulikuwa tukiwapeleka watoto wetu katika ukumbi ule, nyuma ya gereji, ili wasiipoteze lugha. Binti yangu Imani alielewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu wa Kiswahili kule Tanga, akaletwa Sydney na binti yake Mwanaidi, ambaye ni muuguzi. Walikaa wawili katika nyumba iliyo hatua chache kutoka stesheni ya Toongabbie. Sote tulimwita Mwalimu. Hata Mwanaidi alimwita hivyo alipokuwa amemkasirikia.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na mlango wa nyuma. Aligonga meza, aliwarudishia watoto madaftari mara tatu, alimfanya Imani aseme "kile kitabu changu kizuri kimepotea" mpaka midomo ikachoka. Lakini mfuko wa koti lake ulikuwa na tende, na mwisho wa somo alimpa tende mtoto aliyekosea kuliko wote. Alisema mwenye makosa mengi amejaribu mengi. Kulikuwa na baba mmoja Mrundi aliyezichanganya ngeli zote kama mtu anayepika mchuzi gizani, na Mwalimu hakumsahihisha hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini anisahihishe mimi tu, alijibu, "Yule anaongea kwa shida. Wewe unaongea kwa uvivu."

Aliogopa ngazi za umeme. Stesheni ya Parramatta tulizunguka kote kutafuta ngazi za kawaida, yeye akiapa kwamba anafanya mazoezi. Aliwaamkia kwa "shikamoo" wazee wa Kizungu waliokaa kwenye benchi, na walipotabasamu bila kujibu alijijibia mwenyewe "marahaba," akaendelea na safari. Na alikuwa na msemo aliourudia mpaka watoto wakauigiza: neno lisilo na upatanisho ni kama mtu asiye na jamaa.

Kuhusu jamaa zake mwenyewe hakusema mengi. Mkewe alifariki Tanga. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alisema, "Nina mtoto mmoja," huku akimwonyesha Mwanaidi kwa kidevu.

Jumamosi moja ya baridi, mwaka juzi, hakuja darasani. Tukawafundisha watoto nyimbo, kisha nikapanda treni hadi Toongabbie. Mwanaidi alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi, macho yamevimba. Juu ya meza kulikuwa na boksi lililotoka Uswidi. Ndani yake mlikuwa na pasipoti ya Tanzania, jaketi, na kijitabu cha mfukoni chenye jalada jeusi. Juu ya vitu hivyo kulikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa mwenye nyumba fulani, akieleza kwamba mpangaji wake ameanguka kazini, moyo ukasimama, na halmashauri ya mji imeshamzika. Alikuwa akiishi peke yake. Katika droo walikuta bahasha ya zamani yenye anwani ya Mwanaidi.

"Ni kaka yangu," Mwanaidi akaniambia. "Alikata mawasiliano nasi. Miaka kumi sasa."

Mwalimu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Hakuwa analia. Alikuwa anafungua kurasa za kijitabu moja baada ya nyingine. Alikifikisha mwisho, akaanza tena, kana kwamba mara hii kitakuwa kingine.

"Ameandika Kiswidi kitupu," akasema. "Mtoto niliyemfundisha kushika kalamu. Hata orodha ya vitunguu ameandika Kiswidi."

Mwanaidi alikuwa ameshapitisha simu yake juu ya kurasa ili imtafsirie. Nyingi zilikuwa saa za shifti na vitu vya dukani. Lakini katika ukurasa mmoja, peke yake, kulikuwa na mstari huu: *Ring hem. Säg att vi har barn.* Simu iliutafsiri hivi: Piga simu nyumbani. Sema kwamba tuna watoto.

Hakuwahi kupiga. Au ndivyo nilivyoelewa siku ile.

Mwalimu hakurudi darasani kwa wiki tano. Aliporudi alikuwa amekonda, shingo inaogelea ndani ya kola, na chini ya kwapa ana vitabu viwili vya maktaba: kamusi ya Kiswidi na kitabu cha sarufi yake. Watoto walipoondoka alinizuia nisikunje viti. Akaandika neno moja ubaoni: *barn*.

"Simu imenidanganya," akasema. "Imesema watoto. Lakini *barn* ni mtoto. Na *barn* ni watoto. Umoja na wingi wake ni sawasawa."

"Kama nyumba," nikasema. "Nyumba moja, nyumba nyingi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona kama mwanafunzi. "Kama nyumba. Lakini ukisema nyumba yangu, nyumba zangu, neno la jirani linakupa siri. Na wao ni hivyo hivyo. Wangesema mtoto mdogo, neno la udogo lingekuwa moja. Watoto wadogo, lingekuwa jingine kabisa. Hapa hakuna jirani. Ameandika 'tuna *barn*', akaweka nukta." Akaweka chaki chini. "Nina mjukuu, Mama Imani, na sijui ni mmoja au ni wengi. Wala sijui huyo aliyeandikwa 'tuna' ni nani."

Tangu hapo neno lile likawa ndani ya kila mazungumzo yake. Alinieleza kwamba Waswidi wana makundi mawili ya majina, na mtoto wamemweka katika kundi la meza na nyumba, si la mwanamume na mwanamke. Jambo hilo lilimuudhi siku nzima. Mtu aliyetumia maisha yake kulinda ngeli ya viumbe hai hakuweza kukubali mtoto apatanishwe kama samani. Wiki iliyofuata alikuja na habari nyingine, sauti imelegea. Kamusi imesema neno hilo ni la kale sana, na linatokana na kitenzi cha kubeba: *bära*. *Barn* ni kile kilichobebwa.

"Sisi tuna kubeleka, tuna mbeleko," akasema. "Lakini mtoto hatukumwita kwa jina la kubebwa. Wao wamemwita." Kisha akauliza, si mimi, "Na huyu, au hawa, nani amewabeba?"

Nilimwambia awaombee tu. Akanijibu kwamba hata dua imemshinda. Akiinua mikono baada ya swala anataka kusema "mlinde", anasita. Akisema "walinde", anasita tena.

"Mungu anajua idadi yao, Mwalimu."

"Mungu anajua. Anayeomba ni mimi."

Aliandika barua kwa ofisi za kule, Mwanaidi akizigeuza kwa Kiingereza. Ofisi zilijibu kwa adabu kwamba habari za watoto hazitolewi kwa mtu asiyeweza kuthibitisha undugu, na undugu hauwezi kuthibitishwa bila habari za watoto. Alimwandikia mwenye nyumba, ambaye alijibu kwamba hakuwahi kumwona mtoto yeyote. Mwanaidi alimwambia apumzike. Hakupumzika. Mtu mmoja msikitini alimwambia kuna Mswidi anaishi Penrith, fundi wa saa, mzee mwenzake. Mwalimu hakumwambia mtu. Alipanda treni peke yake hadi mwisho wa mji, akatembea juani akiuliza nyumba kwa nyumba, kijitabu kimefungwa katika kitambaa. Yule fundi wa saa alimpa maji na kiti. Alikuwa mtu wa Uswisi.

Mwanaidi alinipigia nimsaidie kumtafuta, maana jioni ilikuwa inaingia. Nilimkuta kwenye jukwaa la stesheni ya Penrith, koti limelala magotini. "Herufi moja," aliniambia. "Uswidi, Uswisi. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipiga." Kisha akafunika uso kwa kitambaa kile, na treni mbili zikapita kabla hajaweza kusimama.

Ni baada ya siku ile ndipo nilipomkumbuka bibi wa chumba cha mwisho.

Mimi hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa na bibi mmoja aliyekuja Australia akiwa msichana, na sasa maradhi ya kusahau yalikuwa yamemnyang'anya Kiingereza chote na kumwachia lugha ya mama yake. Wauguzi walidhani anapayuka. Mimi niliwahi kuona kwenye faili lake kwamba alizaliwa Uswidi, lakini sikuwa nimeweka mambo hayo mawili pamoja. Nilimwomba msimamizi, na binti wa yule bibi akakubali kwa furaha, na Mwalimu akaandikishwa kuwa mgeni wa kujitolea kila Jumamosi mchana.

Siku ya kwanza alinyoosha mgongo mlangoni, akasema salamu aliyokuwa ameifanyia mazoezi kwenye treni. Yule bibi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiutazama ukuta, aligeuka. Alianza kusema. Alisema kwa saa nzima, na sidhani Mwalimu alielewa hata sehemu ya kumi, lakini alitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Aliporudia neno *barn*, bibi alikunja mikono kifuani, akayumba kushoto na kulia. Akasema *bära*, akayumba. Akasema *barn*, akayumba. Mwalimu naye akakunja mikono yake. Nilisimama na trei ya dawa nikiwaangalia wazee wawili wanabembeleza hewa.

Kwa miezi kadhaa alikaribia kuwa mzima tena. Alijifunza kwamba mjukuu kwa Kiswidi ni *barnbarn*, mtoto wa mtoto, neno likijibeba lenyewe. Na alikuwa amegundua kitu katika kijitabu. Karibu na jalada la nyuma kulikuwa na mstari mwingine, umemwagikiwa kahawa: usisahau viatu vya mtoto, au vya watoto. Hapa neno lilikuwa na jirani, kwa sababu Waswidi huongeza mkia kwenye neno: *barnets* ni vya mtoto yule, *barnens* ni vya watoto wale. Tofauti yote ilikuwa herufi moja, na doa la kahawa lilikuwa limekaa juu yake.

Alisubiri siku ambayo bibi ana akili nzuri. Siku hiyo ilipofika, nilisogeza kiti chake dirishani. Mwalimu akamfungulia ukurasa. Bibi aliushika karibu na pua, akauinua kwenye mwanga, akasoma, "*Barnets*." Akainua kidole kimoja.

"Mmoja," Mwalimu akasema. "Ni mmoja." Alishika ukingo wa dirisha.

Ningekuwa mimi ningekifunga kijitabu pale pale. Yeye alimwomba bibi asome tena. Bibi akasoma, kwa sauti ile ile tamu, "*Barnens*." Akamwomba mara ya tatu. Bibi akamuuliza kama amekuja kumchukua kumpeleka nyumbani.

Tukiwa tunashuka nilimwambia angelichukua jibu la kwanza akashukuru. Akasema ushahidi unaobadilika si ushahidi. Bibi alifariki kabla ya Krismasi, usingizini, na Mwalimu alienda kwenye ibada ya mazishi kanisani, akakaa kiti cha nyuma kabisa na kofia yake mkononi.

Jibu lilikuja wakati hakuna aliyekuwa akilitafuta tena. Mwanamke mmoja alikwenda kwa yule mwenye nyumba wa Uswidi kuulizia picha za marehemu, naye akampa anwani ya Mwanaidi. Barua yake ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja. Mwanaidi alikuwa kazini, Mwalimu hakuweza kungoja, akanipigia nikaenda kumsomea.

Ni mmoja. Msichana wa miaka tisa.

Mwalimu alifumba macho. Nikaendelea, na kadiri nilivyoendelea nilitamani niwe sijui kusoma. Mama yule hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema baba wa mtoto alikuwa mpole, na aliondoka mtoto akiwa na miezi miwili. Alikuja kila mwezi na viatu au nguo, akasimama mlangoni, hakuingia. Aliwahi kumwambia mama huyo kwamba alipowaarifu nyumbani kuwa anaishi na mwanamke bila ndoa na harudi Tanga, baba yake alimwambia kwenye simu kuwa yeye si mwanawe. Tangu hapo hakujua baba huanzaje. Mtoto sasa ana mtu anayemwita baba, na mama hataki apigiwe simu wala atembelewe. Lakini akiandikiwa barua, moja, ataihifadhi, na mtoto akifikisha miaka ya kuelewa atampa.

Nilikunja karatasi. Mwalimu hakukana.

"Usimsomee Mwanaidi sehemu ya katikati," alisema.

Nilimjibu kwamba barua ina jina la Mwanaidi juu yake, si langu wala lake. Akasema basi ataitunza mwenyewe mpaka apate namna. Nilikosea kukubali. Alimwambia binti yake tu kwamba mtoto yupo, ni mmoja, na wameruhusiwa kuandika.

Barua ile moja ya kumwandikia mtoto ilimla. Aliiandika kwa Kiswidi, akaifuta, akaiandika. Miezi ikapita. Figo zikaanza kugoma, akawa anapelekwa hospitali mara tatu kwa wiki, na huko pia alikuwa na daftari. Kila sentensi ilikuwa safi na kila sentensi ilikuwa ya bure: hali ya hewa ya Sydney, ndege wa hapa, salamu. Nilimwambia aitume hivyo hivyo. Alisema mtoto hatangoja miaka yote hiyo ili asome habari za kasuku.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa nne. Alikuwa kitandani sebuleni, miguu imevimba. Mwanaidi alikuwa jikoni anapika uji. Aliniomba nichukue kalamu.

"Mkono umekataa," akasema. "Na Kiswidi changu hakifiki. Andika Kiswahili. Atamtafuta wa kumsomea, kama mimi nilivyotafuta."

Nikaandika anachosema. Alianza kwa kumwita "mjukuu wangu." Kisha akasema polepole, akinipa nafasi ya kila neno: "Baba yako alinipigia simu akiwa na furaha. Nilimwambia yeye si mwanangu. Nilimwambia kwa Kiswahili sanifu, bila kosa hata moja, nikakata simu. Hakukosa yeye. Nilikosa mimi."

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

Mwanaidi alisimama mlangoni. Nilidhani atapiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Uliniambia yeye ndiye aliyekata. Uliniambia amesema hana haja nasi."

"Ndiyo," Mwalimu akasema.

"Alinipigia mimi, Baba. Mwaka mmoja baadaye. Niliona namba ya kule, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Nilisema namkomesha, kwa ajili yako."

Mkono wa Mwalimu ulitambaa juu ya blanketi kumwelekea, ukaishia njiani. Mwanaidi hakuusogelea. Uji ukaanza kuungua, tukaunusa wote watatu, na hakuna aliyekwenda.

"Andika na hilo," Mwanaidi akaniambia.

Nikamtazama Mwalimu. Akaitika kwa kichwa. Akatamka, "Na shangazi yako nilimdanganya, akamnyima kaka yake sauti yake. Hilo nalo ni langu." Alihema muda mrefu, kisha akasema imetosha.

Mwanaidi alikuja akachukua kalamu mkononi mwangu. Aliinama juu ya meza, akaandika chini kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa anazotumia kwenye chati za wagonjwa: *Mimi ni shangazi yako. Niko Sydney.* Akaandika namba yake ya simu. Alikaa akiitazama, kisha akaiandika tena mara ya pili, tarakimu moja moja, kwa unadhifu zaidi. Ndipo akaenda jikoni kuzima jiko, akapika uji mwingine, akarudi akakaa pembeni ya kitanda na kumlisha baba yake kijiko kwa kijiko.

Niliitia posta kesho yake. Mwalimu tulimzika siku kumi na mbili baadaye. Barua haijajibiwa, na kwa hesabu ya mama yule haitajibiwa kwa miaka. Mwanaidi sasa huipokea simu yake kwenye mlio wa kwanza, namba yoyote ile, hata za watu wanaouza bima. Nimemwona akiipokea ndani ya treni, akasimama, akasema jina lake lote, akangoja.